Mgema Aliyeumwa Jino Lisilo na Tundu

Jua halijachomoza juu ya vilima vya Makambako, na Odilo Mwalongo amekwisha kuingia kwenye mianzi yake. Ni mwezi wa pili, mvua zimekolea, na ukungu ni mzito kiasi kwamba mtu aliye mbele yako kidogo tu humwoni, unasikia kikohozi chake. Odilo amejifunga blanketi kuukuu mabegani. Mkononi ana kisu kifupi ambacho hakuna mtu mwingine nyumbani kwake anayeruhusiwa kukigusa, hata kwa kumenyea kiazi.

Anafika kwenye chipukizi la kwanza. Anateremsha mbeta, kile chombo cha mwanzi kinachoning'inizwa ili kukinga utomvu, anachungulia ndani, kisha anapitisha kisu mara moja kwenye ncha iliyokatwa. Kipande chembamba kama ganda la kitunguu kinaanguka chini. Tone jipya linajitokeza.

Mgema mwingine yeyote wa upande huu, hapo ndipo angepeleka mbeta mdomoni. Odilo haonji. Anamgeukia mkewe, Oktavia, aliyesimama nyuma yake, na kumkabidhi chombo.

"Vipi, Mama Agustino?"

Oktavia anapiga funda dogo, anafumba macho, analizungusha mdomoni.

"Tamu. Huu tuuze asubuhi hii hii. Ukifika mchana utaanza kuuma ulimi."

Odilo anacheka, na akicheka unaona mapengo mawili upande wa kushoto, na jino moja la mbele lenye rangi ya majivu. Mapengo hayo na jino hilo ndiyo habari yenyewe.

Kwa wasomaji wa pwani wasioujua ulanzi, ni kinywaji kinachotokana na mwanzi mchanga. Wakati wa mvua mgema hukata ncha ya chipukizi na kulichonga kidogo kwa kisu asubuhi na jioni, nalo hutoa utomvu. Ukinywewa mbichi huitwa togwa, na ni mtamu kama maji ya miwa. Ukilala siku moja au mbili unakuwa mkangafu, na huo si wa watoto.

Odilo, ambaye sasa ana umri wa miaka arobaini na sita, alizaliwa Kifanya, kwenye familia ya Wakatoliki waliolima na kugema. Baba yake alimwingiza kwenye mianzi angali mdogo. Alipooa alihamia huku Makambako, kwa kuwa malori ya Iringa, Mbeya na Songea yote hupita hapa, na dereva aliyekula vumbi tangu alfajiri haulizi bei mara mbili. Msimu ukiwa mwema humwingizia kama shilingi sitini kwa mwezi, mbali na mahindi na njegere za shambani.

"Togwa ndiyo iliyonilea," anasema. "Wenzangu walikunywa uji asubuhi, mimi nilikunywa togwa. Mchana nikiona kiu, togwa. Mgema asipokunywa chake, wewe mnunuzi utamwamini vipi?"

Ndivyo alivyoishi miaka yote, na mwili ulimbeba vizuri. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti, aliyeongoza kuimba kanisani na kubeba debe zima begani hadi kwenye kilabu cha Mama Priska pale njiapanda bila kupumzika.

Mambo yalianza kugeuka msimu wa mwaka juzi, mwaka 1956, lakini yaligeuka polepole sana hivi kwamba hakuna aliyeshtuka. Kwanza ilikuja kiu. Odilo alikunywa, akarudi kunywa tena, na baada ya muda mfupi koo lilikuwa kavu kama halikupitisha kitu. Akainuka kwenda haja ndogo mara kwa mara, hata mkewe akawa anamtania kwamba mlango wa nyumba utachakaa kabla ya paa.

"Nilidhani ni kazi tu," anasema. "Mtu anayekunywa sana atakojoa sana. Nani angewaza zaidi ya hapo?"

Kisha wakaja sisimizi. Walijipanga nyuma ya nyumba, pale alipozoea kusimama. Kwa mtu mwingine yeyote, labda jambo hilo lingezua maswali. Lakini mgema huishi na sisimizi. Wamo kwenye mbeta, kwenye nguo zake, kwenye mpini wa kisu chake. Oktavia alimwaga majivu ya moto mahali pale, akaendelea na shughuli zake.

Hata alipoanza kukonda, watu walisema ni umri. Mkanda wa suruali ulitobolewa tundu jipya, halafu jingine.

Kilichomtoa Odilo kwenye usingizi huo ni jino.

Lilikuwa gego la kushoto, chini. Siku moja lilianza kumuuma wakati wa kula, kesho yake likauma bila hata kula, na usiku ule akatembea uani akiwa ameshika shavu. Oktavia alileta kibatari, akamwambia apanue mdomo, akatazama pande zote.

"Sioni kitu, Baba Agustino. Jino ni zima. Halina tundu, halina weusi."

"Basi jicho lako ndilo bovu! Jino zima linaweza kuuma hivi?"

Odilo alitafuna majani, akaweka karafuu, akasukutua kwa maji ya chumvi. Shavu likavimba. Hapo akaenda kwa Lameki, mtengeneza baiskeli wa pale sokoni, ambaye kwa kuku mmoja hung'oa jino la mtu kwa koleo alilolichemsha kwenye kopo. Lameki si mtu mbaya, na wengi wamepona mikononi mwake. Alivuta, jino likatoka, akaligeuzageuza kwenye mwanga.

"Mbona zima hivi, kaka?" alimwuliza Odilo. "Una hakika ndilo hili?"

Odilo aliinama akatema damu.

Kwa kawaida shimo la jino hufunga upesi. Lake halikufunga. Lilibaki wazi, linanuka, na lilipoanza kuonyesha dalili ya kupona, jino la jirani likashika zamu. Nalo lilikuwa zima. Nalo Lameki akaling'oa, safari hii shingo upande. Shimo la pili likawa kama la kwanza, Odilo akawa anakula uji tu, na uji wenyewe aliukoroga kwa togwa ili upate ladha.

Maneno yakaanza mtaani. Wapo waliosema wagema wenzake wamemwonea wivu. Wapo waliosema amekunywa utamu mno na meno yameoza, ingawa walioyashika mkononi meno yale hawakuona kuoza kokote. Mtu aliyezoea kuongoza kwaya akawa anakaa benchi la nyuma, kitambaa mdomoni.

"Nilimwona anaisha," anasimulia Oktavia. "Anainuka kitandani kama mtu wa miaka themanini. Usiku namsikia anahesabu meno kwa ulimi. Nikajua anangoja lipi litafuata."

Lililofuata lilikuwa la mbele, juu. Na hili lilikuja na kituko chake. Halikuuma hata kidogo. Siku moja tu Mama Priska, alipokuwa akipokea debe lake kilabuni, alimkazia macho na kumwuliza kama amekula makaa. Jino lilikuwa limebadilika rangi, limekuwa la kijivu. Odilo alifurahi kwamba haliumi. Wiki chache baadaye kipele kikatokeza juu yake kwenye ufizi, kikatoa usaha.

Odilo alitaka kurudi kwa Lameki. Alikuwa ameshavaa koti. Oktavia alisimama mlangoni.

"Kwa Lameki hapana."

"Mama Agustino, nipishe."

"Utang'oa hili, kesho lile, keshokutwa lile. Yakiisha utang'oa nini? Taya? Leo kuna lori la mbao linakwenda Njombe. Tunakwenda kwa wenye hospitali, wote wawili, na kama hutaki, nitakwenda mwenyewe nikawaambie mume wangu amekataa."

Odilo anasema katika ndoa yao yote hakuwahi kumwona mkewe akisimama namna ile. Alivua kofia, akaishika mkononi, akamfuata hadi barabarani.

Mjini Njombe, katika chumba kidogo cha hospitali ya misheni, waliyemkuta ni Elieza Kilasi, tabibu msaidizi aliyejifunza kazi ya meno Dar es Salaam. Ni mwana wa Wabena wa Kilutheri wa upande wa Wanging'ombe, mpole, mwenye mikono mirefu.

"Kamwene, baba," aliwasalimu kwa Kibena, kisha akaendelea kwa Kiswahili kwa kuwa chumbani alikuwamo pia sista Mzungu. "Karibu. Nionyeshe."

Elieza aligongagonga jino la kijivu. Akapulizia hewa ya baridi. Akapasha moto kipande cha dawa kama nta, akakigusisha pale.

"Unasikia moto?"

"Sisikii kitu, Bwana Tabibu."

Akajaribu jino la pembeni yake, Odilo akaruka kitini.

"Basi," alisema Elieza. "Hili lingine lina uhai. Hili la kijivu limekufa."

Odilo alidhani anataniwa. Jino kufa? Jino si mfupa tu? Elieza akachukua karatasi na kalamu ya risasi, akachora jino lililopasuliwa katikati. Nje kuna ganda gumu, alieleza, lakini ndani yake kuna uwazi mwembamba, na katika uwazi huo mna kiini. Kiini hicho ni nyama laini. Kina mishipa ya damu ya kulilisha jino na mishipa ya fahamu ya kulifanya lisikie baridi na moto. Na damu yote ya kiini huingilia kwenye tundu dogo sana lililoko kwenye ncha ya mzizi.

"Kwa hiyo jino linaweza kuwa zima nje," alisema, "na ndani kiini chake kimekufa na kinaoza. Swali langu, baba, ni kwa nini kimekufa. Hukuanguka? Hukupigwa?"

"Hapana."

"Wala halina tundu. Na hayo mawili ya nyuma, nayo hayakuwa na tundu?"

"Hayakuwa nalo," aliingilia Oktavia. "Mimi mwenyewe nilitazama."

Elieza akakuna kichwa. Akalitoboa jino kwa nyuma, taratibu, bila ganzi, na Odilo hakusikia maumivu yoyote, alisikia harufu tu. Usaha ulipotoka, tabibu alimpa kikombe cha maji asukutue na kutema kwenye beseni.

Odilo alichukua kikombe, akayanywa yote.

"Ya kutema hayo, baba."

"Samahani. Nina kiu."

Akapewa kikombe cha pili. Nacho akakinywa hadi chini. Cha tatu alikishika mikononi akawa anakitazama kwa haya, kama mtoto aliyeambiwa angoje wageni wale kwanza.

Elieza aliweka vyombo vyake chini. "Tangu lini una kiu ya namna hii?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa nyingine.

Hapo Oktavia akamwaga yote: kiu, haja ndogo za usiku, suruali iliyolegea, majivu aliyowamwagia sisimizi. Alipofika kwa sisimizi, sista aliinua macho kutoka kwenye kazi yake.

Wakamtaka Odilo akojoe kwenye chupa. Elieza akachanganya matone machache na dawa ya rangi ya buluu, akaishika chupa nyembamba juu ya moto wa taa ya spiriti. Odilo na mkewe walitazama buluu ile ikigeuka kijani, kijani ikawa manjano, na manjano ikawa nyekundu ya matofali.

"Sikujua maana yake," anasema Odilo, "lakini niliona uso wa sista, nikajua si rangi nzuri."

Ulikuwa ugonjwa wa kisukari. Daktari wa hospitali, aliyeitwa kuthibitisha, aliwaeleza kwamba mwili wa Odilo umeshindwa kuitumia sukari iliyomo katika chakula, nayo imejaa kwenye damu hadi inamwagika kwenye mkojo. Damu yenye sukari nyingi huiharibu mishipa midogo. Na mishipa ya kiini cha jino ni midogo kuliko yote ambayo mtu anaweza kuifikiria. Kiini kinakosa chakula na hewa, kinashindwa kujitetea, kidonda hakiponi, vijidudu vinapata nafasi. Mara nyingine kinalia kwa maumivu makali kabla ya kufa, kama yale magego mawili. Mara nyingine kinakufa kimya kimya.

Odilo alilielewa jambo hilo kwa njia yake. Kuna mianzi, anasema, inayoonekana kijani kibichi, lakini ukiigonga inatoa sauti ya utupu, na ukiikata unakuta imekauka katikati. Mgema mzuri huigonga kabla ya kupoteza muda wake. "Nikamwambia tabibu, kumbe kazi yetu ni moja, wewe unagonga meno."

Elieza alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Odilo aliwekwa hospitalini, akidungwa sindano ya dawa kila asubuhi, akila chakula cha kupimwa: maharage, mboga ya mnafu, kipande kidogo cha ugali, maziwa yasiyo na sukari. Dawa ile ya buluu ilipopashwa moto ikawa haifiki tena kwenye wekundu. Mashimo mawili ya magego, yaliyokaa wazi miezi, yakaanza kujifunga. Na jino la mbele Elieza hakuling'oa. Kila siku chache alilisafisha ndani kwa visindano vyembamba kama nywele, akalitia dawa, na usaha ulipokoma akaliziba.

"Rangi yake haitarudi," alimwonya. "Lakini litakaa."

Kuna wagonjwa ambao sindano huwa ni ya maisha. Odilo alibahatika; baada ya majuma kadhaa chakula peke yake kikatosha kuishika sukari, mradi aendelee kwenda Njombe kila mwezi kupimwa. Lakini siku ya kuruhusiwa, daktari aliongeza neno moja, na neno hilo lilimwumiza kuliko ugonjwa wenyewe.

"Togwa hapana. Na mkangafu hapana. Hata tone."

Walirudi Makambako juu ya magunia ya viazi. Odilo anasema njiani alikwisha kuamua. Angemuuzia mtu mianzi yake, akatafute kibarua kwenye mashamba ya miti ya miwati. Mgema asiyeonja ni nini? Atajuaje kwamba utomvu umeingia maji ya mvua? Atajuaje saa ya kuuza na saa ya kuulaza?

Jioni ile alimweleza mkewe. Oktavia alikuwa akipepeta maharage, hakuinua hata uso.

"Kwani ulimi unao wewe peke yako?"

"Mwanamke kwenye mianzi?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nikivisafisha vyombo vyako miaka yote. Unafikiri sikuonja?"

Asubuhi iliyofuata alitangulia yeye mlangoni, amejitanda kaniki, anamwambia afanye haraka. Wazee wa jirani walinung'unika. Mmoja alikuja nyumbani kuuliza kama ni kweli Odilo amekabidhi kazi ya baba yake kwa mkewe. Odilo alimjibu kwamba kisu bado ni chake, ulimi ndio umebadilika.

Mwanzoni walikosana sana. Oktavia alisema ulanzi uko tayari, Odilo akinusa anasema bado. Mara mbili walipeleka kilabuni mkangafu uliopita kiasi, Mama Priska akawarudishia na maneno juu yake. Lakini kidogo kidogo walizoeana. Mwandishi wa habari hizi alimwuliza Mama Priska, bila wenyewe kuwapo, kama wateja wameona tofauti.

"Madereva hawajui nani ameonja," alijibu akifuta kikombe. "Wanajua wa Odilo unaisha kwanza. Tena sasa hakuna ubishi. Zamani alikuwa akija hapa ameshakunywa, tunagombana saa nzima. Siku hizi anakuja na mkewe, wanaweka debe, wanakwenda zao."

Odilo mwenyewe hakani kwamba hupata kishawishi. Utomvu ukimwagikia vidoleni, anasema, mkono unataka kwenda mdomoni wenyewe. Huufuta kwenye nyasi. Mfukoni hubeba karanga, na kiu ikimjia hunywa maji ya kisima, ambayo siku hizi yanamtosha.

"Unajua furaha ni nini?" anauliza, akikaa juu ya gogo wakati jua sasa limepasua ukungu. "Ni kunywa maji, halafu usiyatake tena. Mimi nilikuwa nimesahau."

Shavu limerudi. Anaimba tena, ingawa anakiri kwamba herufi nyingine zinapenya kwenye mapengo na kutoka kama mluzi, na vijana wa kwaya wanaficha nyuso nyuma ya vitabu. Kabla ya kula kitu cha moto huligusa jino la kijivu kwa ulimi. Halisikii chochote, lakini lipo, limesimama mahali pake.

Hivi karibuni bwana mmoja wa Igwachanya alikuja kuwatafuta, ameshika shavu, anasema ameambiwa kwamba Odilo anajua habari za meno yanayouma bure. Odilo hakumpa dawa, hakumtazama hata mdomoni. Alimwuliza tu kama ana kiu. Yule bwana akasema hapana, hana. Odilo akamwambia huenda basi jino lake lina tundu, lakini aende Njombe kwa Elieza vilevile, asianze na koleo.

Mbele yao sasa kuna jambo kubwa. Binti yao, Margareth, ameposwa na kijana wa Kifanya, na harusi itafungwa mwezi wa saba, msimu wa ulanzi ukiwa umekwisha na mahindi yamo ghalani. Odilo amepanga kwamba mwezi wa sita atapanda lori kwenda Njombe, apimwe mkojo kama kawaida, halafu akae tena kwenye kiti cha Elieza. Tabibu amemwahidi kwamba, sukari ikibaki chini na ufizi ukiwa mzima, ataagiza meno mawili ya bandia ya kuziba yale mapengo.

"Wakwe watachinja ng'ombe," anasema Odilo. "Nyama ya ng'ombe wa Kifanya siyo ya kutafuna upande mmoja."

"Ndiyo sababu tu?" anauliza Oktavia.

Mumewe anatazama chini, anachezea majani kwa kidole cha mguu. Kisha anasema kwamba siku ile kwaya itamtaka aanze wimbo wa kuwapokea maharusi, na wimbo wenyewe una neno Kristo mwanzo hadi mwisho.

"Nataka nilitamke lote," anasema, "bila mluzi."

Oktavia, aliyekwisha kujitwika debe la ulanzi wa asubuhi, anacheka hadi linayumba kichwani. Odilo analishika kwa mikono miwili, anajitwika yeye mwenyewe, na wanashuka pamoja kuelekea njiapanda, ambako lori la kwanza limekwisha kupiga honi.